Kuba la Dresden na kifusi cha Mji Mkongwe

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleikum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, na natanguliza kukuomba radhi kwa urefu wa hii. Nimeisoma mara tatu barua ya msomaji wako wa Jumamosi iliyopita, yule aliyeshauri kwamba nyumba ya Mji Mkongwe ikianguka, kifusi chake kipakiwe malori siku hiyo hiyo, kiwanja kisafishwe, kisha isimamishwe nyumba ya zege yenye sura ile ile ya zamani. Namheshimu kwa kuujali mji. Lakini lile neno lake "kisafishwe" limenikosesha usingizi.

Mimi ni fundi mwashi. Nimestaafu, mikono imekakamaa, ila jicho bado linautambua ukuta ulionyooka. Mwaka 1982, nikiwa kijana wa miaka 20, nilikuwa miongoni mwa vijana waliopelekwa Ujerumani Mashariki kusomea ujenzi. Vijana wa leo huenda hawajui udugu ule ulifika wapi. Majumba ya ghorofa ya Kikwajuni na Kilimani wanayoyapita kila siku yalijengwa kwa msaada wa nchi ile, baada ya Mapinduzi ya 1964. Mimi nilipangiwa Dresden, mji ulio kando ya mto Elbe, na huko ndiko nilikofunzwa kukiheshimu kifusi.

Nilifika mwezi wa Oktoba, baridi imeshaanza kuuma. Katikati ya mji, kwenye uwanja unaoitwa Neumarkt, nilikuta kilima cha mawe meusi, kimo chake kama mita 13, na vipande viwili vya ukuta vimesimama peke yao, kimoja huku na kimoja kule. Mawaridi yamepandwa kukizunguka. Mbele yake imesimama sanamu ya Martin Luther ameshika kitabu. Nikadhani jumba limeanguka juzi tu na malori hayajapatikana. Kumbe mawe yale yalikuwa yamelala pale tangu tarehe 15 Februari 1945, saa nne asubuhi.

Mwalimu wetu wa karakana alikuwa mzee mchonga mawe, mmoja wa waliofanya kazi kwenye jumba la opera la mji ule, ambalo nalo lilikuwa likijengwa upya karibu na mto. Jumamosi moja alitupeleka pale kwenye kilima. Hakutuhutubia. Aliinama pembezoni, akaweka kiganja juu ya jiwe moja, akatuuliza: Nini hiki? Tukasema jiwe. Akatuambia tutazame tena. Uso mmoja wa jiwe ulikuwa umechongwa kwa mbinuko mdogo, kama mgongo wa mtumbwi uliopinduliwa ufukweni. Ubavuni lina tundu la pembe nne, na ndani ya tundu mna kutu. Mbinuko ule, akasema, unakwambia kwamba jiwe lilikaa juu, kwenye kuba, maana ukuta wa chini haukupinda. Tundu lenye kutu ni mahali lilipoingia gango la chuma la kulishikanisha na jirani yake. Upime mbinuko kwa kigezo, utajua duara lake lilikuwa na upana gani. Ukishajua upana wa duara, umejua jiwe lilikaa umbali gani kutoka chini, kwa sababu kuba hupungua kila unapopanda.

Jiwe moja, lililonyeshewa miaka 37, lilikuwa bado linakumbuka lilikokaa. Tangu siku ile sijaweza kuliona jiwe lililoanguka nikaliita takataka.

Kilima kile kilikuwa kanisa, nalo linaitwa Frauenkirche, kwa jina la Bibi Mariamu. Mtawala wa wakati ule wa Saxony, nchi ambayo Dresden ndio mji wake mkuu, August aliyepewa lakabu ya Mwenye Nguvu, aliingia Ukatoliki mwaka 1697 ili akipate kiti cha ufalme wa Poland. Wenyeji wa mji walibaki kwenye madhehebu ya Luther, na kanisa hili lilikuwa lao, la watu wa mji. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 26 Agosti 1726. Aliyelisanifu ni George Bähr, na hapa nataka mafundi wenzangu wasikilize: alikuwa seremala. Ndiye fundi mkuu wa seremala wa halmashauri ya mji.

Kuba lilikusudiwa liwe la mbao na kuvikwa shaba. Bähr akaligeuza kuwa la mawe tupu, tani 12,000 hivi, juu ya nguzo nane nyembamba. Likifika chini halikatiki ghafla kama bakuli lililofunikwa. Linapanuka, linateremka polepole mpaka linaungana na kuta, na ndiyo sababu wenyewe wakaliita kengele ya mawe. Ndani ni duara, na roshani za watu zimepangwa ghorofa juu ya ghorofa, kila mtu amsikie mhubiri. Walikuwepo wataalamu waliosema halitasimama. Bähr alikufa mwaka 1738 kabla hajaiona kazi yake imekwisha, na msalaba wa kileleni ukaja kuwekwa mwaka 1743. Mwaka 1760 majeshi ya Prussia yaliushambulia mji, na zaidi ya risasi mia za mizinga ziligonga kuba lile zikadunda. Msemaji wa "halitasimama" natumai alikuwa bado hai kuona.

Ila ukweli wa fundi ni kwamba nguzo zililemewa. Mzigo mkubwa kuliko uliokusudiwa uliziangukia zile nane, na nyufa zikajitokeza tena na tena. Katika miaka ya 1920 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1940 kanisa lilikarabatiwa kwa awamu, na profesa mmoja wa uhandisi, Georg Rüth, pamoja na wenzake wakalipima na kulichora kwa undani. Waliyapima yale ili wazibe nyufa. Hawakujua kwamba karatasi zao ndizo zitakazoliokoa kanisa zima.

Maana usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Februari 1945 ndege za Uingereza, na mchana wake za Marekani, ziliuangushia mji mabomu ya moto. Walikufa watu wapatao 25,000. Waliojificha katika chumba cha chini ya kanisa, kama 300, walitoka hai, na kuba likabaki limesimama juu ya mji unaoungua. Lakini ndani viti na roshani za mbao zilikuwa zimewaka, na nguzo zimepikwa kama mawe ya tanuu ya chokaa. Asubuhi ya tarehe 15 zikapasuka, na kengele ya mawe ikashuka.

Baada ya vita palikuwa na wengi walioona uwanja usafishwe, kama msomaji wako. Mhifadhi mmoja wa majengo ya kale, Hans Nadler, alishikilia kwamba mawe yasiondolewe. Mwaka 1966 gofu likatangazwa rasmi kuwa ukumbusho wa kupinga vita. Na kuanzia mwaka 1982 vijana wakawa wanakuja pale kila tarehe 13 Februari na mishumaa, kimya kimya. Mwaka uliofuata nilikwenda nami. Mimi ni Muislamu, makuba niliyoyazoea ni ya misikiti, na mambo ya kanisa siyajui. Nilisimama pale theluji ikinifika kwenye vifundo vya miguu, mkononi nimeshika mshumaa niliopewa na mpishi wa dahalia yetu, mama mtu mzima ambaye sisi wanafunzi sote tulimwita Oma, yaani bibi.

Oma aliolewa katika kanisa lile. Alituonyesha picha: yeye na mumewe kwenye ngazi, wamesimama mbele ya mlango mkubwa wa mwaloni uliochongwa. Mume hakurudi kutoka vitani. Mimi niliutazama mlango kuliko nilivyomtazama bibi harusi, na Oma akacheka, akaniuliza kwetu milango haipo? Nikamwambia, Oma, kwetu mlango hutangulia nyumba. Mwenye kujenga huagiza kwanza mlango, nyumba ikaufuata.

Nilirudi Unguja mwaka 1985. Ukuta wa Berlin ulipoanguka, nchi ile iliyonisomesha ikawa njiani kumezwa na nyingine, na Februari 1990 kikundi cha wenyeji wa Dresden, akiwemo mpiga tarumbeta Ludwig Güttler, kikatoa wito kwa ulimwengu kwamba kanisa lijengwe tena. Kazi ya kukifumua kile kilima ilianza Januari 1993 ikachukua zaidi ya mwaka mmoja. Hawakuingia na tingatinga. Kila jiwe la maana lilipigwa picha mahali lilipolala, likapimwa, likapewa namba, likawekwa kwenye rafu uwanjani, maana hata mahali jiwe lilipoangukia panasema lilitokea upande gani. Juni 1993 wakaukuta msalaba wa zamani, umepindika. Madhabahu ikapatikana vipande vipande, wakaviunga vipande kama 2,000. Yale mawe aliyotuonyesha mwalimu wangu kwa kiganja, sasa wakayasoma kwa kompyuta wakiyalinganisha na michoro ya akina Rüth. Kwa kadiri nionavyo ni elimu ile ile.

Walipofika kwenye milango wakakwama. Milango ilikuwa imeungua yote, na nakshi zake hazikuandikwa popote kwa ukamilifu. Ndipo wakawaomba wananchi picha za zamani. Kwa kuwa watu waliofunga ndoa pale walikuwa na desturi ya kupigwa picha mlangoni, zikaja picha za harusi, zikaja albamu nzima nzima, na kutokana na picha hizo maseremala wakaichonga milango upya. Binti wa dada yake Oma aliniandikia barua kwamba Oma naye alituma yake, wakainakili wakamrudishia.

Mwaka 2009 kijana wangu anayeishi Berlin alinilipia safari. Tulipanda treni asubuhi, na nilipotoka kwenye kichochoro kuingia Neumarkt nilisimama nikashindwa kwenda. Lile kuba ambalo mimi nililijua likiwa chini, lilikuwa mbinguni, mita 91. Kanisa lilifunguliwa tarehe 30 Oktoba 2005. Ukuta mpya una rangi ya mchanga wa pwani, na ndani yake yametapakaa mawe meusi, moja hapa, matatu pale, kila moja limerudishwa mahali pake. Mawe ya zamani yaliyorudishwa kwenye kuta za nje ni kama 3,800. Na kile kipande cha ukuta nilichokiona mwaka 1982 kimesimama vile vile, cheusi chote, kimeshikana na ndugu zake weupe. Jiwe lao la mchanga hugeuka jeusi kwa miaka, kwa hiyo iko siku kanisa lote litakuwa rangi moja. Sasa hivi mtoto mdogo anaweza kusimama nje akahesabu kilichokuwepo na kilichoongezwa.

Nilikwenda ukutani nikapitisha ukucha kwenye kiungo kati ya jiwe la 1730 na kitu na jiwe la juzi. Ukucha haukuzama. Kijana wangu alikuwa akinivuta twende ndani, na mimi simwachi yule aliyeuchonga ukingo ule. Ndani tulipanda njia ya mteremko inayozunguka katikati ya magamba mawili ya kuba, la ndani na la nje, unatembea huku umezungukwa na mawe. Safari hii nguzo zimejengwa kwa jiwe gumu zaidi, na kuba limefungwa pete za chuma, yaani kosa la zamani walilisoma wakalirekebisha bila kuificha sura ya zamani. Msalaba uliopindika umewekwa pale chini watu wauone. Ule wa juu ulitengenezwa Uingereza, na fundi wake, Alan Smith, ni mtoto wa mmoja wa marubani walioshiriki kuupiga mji ule. Nikauliza mara mbili kama nimesikia sawasawa.

Najua msomaji wako atasema Wajerumani wana fedha. Ni kweli, kazi ile iligharimu kama euro milioni 180. Lakini zaidi ya nusu zilikuwa michango ya watu. Waliuza hata saa za mkononi zenye chembe ya jiwe la kanisa ndani yake. Günter Blobel, aliyeuona mji ule akiwa mtoto mkimbizi kabla haujaungua, alipopata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1999 aliitoa fedha yake kwa Dresden. Na kabla ya fedha hizo zote, kuanzia 1945 mpaka 1990, miaka 45, kazi iliyoliokoa kanisa ilikuwa haina gharama: kutokuyaondoa mawe. Na vita vilikuwa vimewaacha maskini. Kama wangekuwa wepesi wa kuita malori, hata Benki ya Dunia isingewarudishia lile jiwe lenye mgongo wa mtumbwi.

Sasa nije kwetu. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib ilianguka, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, na ikachukua roho za watu wawili. Kila mtu alilisikia hilo, na dunia nzima ilitazama. Mimi nazungumzia nyumba ambazo dunia haizitazami. Nyumba ya bibi yangu, Kiponda, ilishuka upande wa uani katika masika ya 1998. Hakuumia mtu, alhamdulillahi. Nilikuwa Pemba kikazi, nikarudi siku ya tatu, nikakuta tambarare. Mkandarasi alikuwa amelipwa kusafisha na alisafisha. Mawe ya matumbawe yalikuwa yamepelekwa kujazia shimo barabarani. Boriti zilikuwa kuni. Shubaka za plasta ambazo bibi alipanga sahani zake za kichina zilikuwa vumbi kwenye tairi za lori. Mlango ulikuwa umeuzwa, na aliyeununua hakufahamika. Nilichookota ni mfaa, ule mti wa katikati wa mlango, ulikuwa umetumiwa kama ngazi ya kupandia lori.

Kisha ikajengwa nyumba ya zege yenye sura ile ile. Msomaji wako angeipenda, kwa nje. Lakini ukuta wa mawe na chokaa unapumua, maji yanaingia na kutoka. Ukiubana kwa saruji maji hubaki ndani, chumvi hula, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani huoza pasipo mtu kuona. Nyumba za Mji Mkongwe zimeegemeana. Baada ya miaka michache jirani wa bibi, aliyekuwa hana tatizo lolote, alianza kuona unyevu unapanda upande wa ukuta wa pamoja. Mimi mwenyewe nilikwenda kuubandua ule udongo, ukatoka kama uji.

Sisemi kifusi kibaki vichochoroni, maana njia zetu hata mkokoteni unapita kwa kubanwa. Nasema kitengwe kiwanja kimoja chenye uzio, kisicho mbali, ambako mawe yenye umbo, boriti nzima, nakshi za plasta na vipande vya milango vitapelekwa na kuandikwa namba kwa chokaa: mtaa, nyumba, upande. Mafundi wastaafu tupo, na kazi hiyo tutaifanya kwa nauli ya daladala. Nasema vijana wa skuli za ufundi wapewe futi na karatasi wazipime nyumba hizi wakati bado zimesimama, chumba kwa chumba, kama walivyofanya akina Rüth kabla ya moto. Na nasema tuombane picha. Kuna mtu wa mji huu asiyekuwa na picha ya harusi au ya Idi mlangoni? Albamu nyingine ziko Muscat, Dubai na Uingereza, katika makabati ya jamaa waliohama, na siku hizi picha inatumwa kwa simu kabla chai haijapoa.

Nianze mimi. Mfaa wa mlango wa bibi ninao, chini ya kitanda changu, nimeufunga kwa gunia. Ninayo pia picha moja ya mwaka 1971. Bibi amekaa barazani kwa buibui, mimi nimesimama nyuma yake nikiwa na miaka 9, na mlango uko nyuma yetu mzima, vizuri kabisa, isipokuwa kwamba bega langu limeziba ua moja la nakshi, la tatu kutoka chini, upande wa kushoto. Ikiwa kuna mtu aliyepata kupiga picha mbele ya mlango ule, Kiponda, kabla ya 1998, namwomba aipeleke kwenye ofisi ya gazeti hili nami nitaifuata, ili nilione ua lile.

Fundi mwashi mstaafu,
Jang'ombe, Unguja